Kabla ya Kaye Kulikuwa na Kamba: Historia ya Namna ya Kusoma Kwetu



Kuna swali ninalolisikia sana toka kwa wadogo zetu wa sekondari, hapa Makobola na kule Baraka: "Yaya, mimi nasoma usiku kucha, mbona nikifika mbele ya karatasi kila kitu kinapotea?" Jibu la haraka ambalo watu wanampa ni moja tu: soma zaidi. Lakini huyu mtoto amefundishwa historia, kemia na jeografia, na hakuna siku aliyofundishwa namna ya kuyashika hayo masomo. Kwenye ratiba ya wiki hiyo saa haipo. Leo nataka tuangalie ilitoka wapi hii namna yetu ya kusoma, maana ina historia, na historia hiyo inaweza kutusaidia.

Tuanze na wazee wetu. Babembe na majirani zao Balega walikuwa na Bwami, na ndani ya Bwami mafundisho yalipita kwa methali, nyimbo na vitu vya mkono. Kwa Balega kulikuwa pia na kamba iliyoitwa mutanga. Juu yake vilitundikwa vitu vidogo vidogo: unyoya, kipande cha mti, ganda la konokono, na kila kitu kilibeba methali yake. Padri Georges Defour alikusanya hekima ya kamba hiyo katika kitabu kilichochapwa Bukavu. Sasa fikiria vizuri jinsi kamba ile inavyofanya kazi. Maneno hayakuandikwa juu yake. Unaona unyoya tu, na methali unaitoa mwenyewe kichwani. Hata vitendawili vya jioni ni hivyo hivyo: unategwa, unatafuta, ukishindwa ndipo unapewa jibu. Sisemi zamani kila kitu kilikuwa kizuri, maana Bwami haikuwa ya kila mtu. Nasema tu kwamba kuulizwa kulikuwa ndani ya kujifunza kwenyewe.

Halafu ikaja misheni. Mwaka wa 1880 Mapadri Weupe walifika Mulweba, nchi ya Masanze, na mwaka wa 1883 wakaanza Kibanga, huku huku kwenye ziwa letu Tanganyika. Waliokuwa wakifundishwa pale ni pamoja na watoto waliokombolewa toka utumwani. Katekisimu ilikwenda kwa swali na jibu. Mwaka wa 1906 serikali ya mfalme Leopold II ilifanya mapatano na Vatikani, na shule zikazidi kuwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Shule za Kiprotestanti zilingoja hadi baada ya Vita ya Pili ya Dunia ndipo zikapata ruzuku. Katika katekisimu swali lilibaki, lakini jibu lilikuwa moja, neno kwa neno. Mtoto aliweza kulisema lote bila kosa na asielewe alichosema.

Baada ya uhuru shule ziliongezeka, vitabu havikuongezeka kwa kiasi hicho. Hapo ndipo kaye ikawa mfalme. Mwalimu anaandika kwenye tablo au anasoma, wanafunzi wanakopia, saa inakwisha. Tusimlaumu mwalimu. Kama kitabu kiko kimoja, tena ni chake, atafanya nini? Lakini polepole kukopia kukachukua mahali pa kujifunza, na nyumbani kusoma kukawa ni kurudilia kaye toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kuulizwa kukabaki kwenye interogasyo na mitihani tu, yaani mahali pa pointi na aibu. Na mwisho wa njia kuna Exetat, ambapo finalisti anakutana na maswali ya masomo mengi kwa siku chache, kaye ikiwa imebaki nyumbani.

Sisi wa Makobola tunajua pia kwamba kaye inaweza kupotea. Toka tarehe 30 Desemba 1998 mpaka siku za kwanza za Januari 1999, watu wetu waliuawa hapa na katika vijiji vya jirani. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka mwaka wa 2010, inahesabu zaidi ya watu 800. Katika vita ile wengi wa Fizi walivuka ziwa wakaenda Kigoma, kwenye kambi za Lugufu na Nyarugusu, na huko watoto waliendelea kufuata programu ya Kongo. Mtu anayekimbia usiku habebi mfuko wa makaye. Anabeba mtoto, na kile kilicho kichwani. Ndiyo maana kwangu mimi hili si jambo la pointi peke yake.

Sasa wanasayansi wanasema nini? Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akatoa kitabu mwaka wa 1885. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza inapotea ndani ya siku ya kwanza, na kwamba kurudilia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunashinda kubanana siku moja. Mwaka wa 2006, Marekani, Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi mafupi. Kundi moja lilisoma mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja, kisha likajiandikia mara tatu kile linachokumbuka, bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliosoma mara nne walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, waliojiuliza 61.

Mnaona mtego? Kurudilia kaye kunakupa hisia kwamba unajua, na usiku ule kweli unajua. Wiki ikipita, hakuna kitu. Mdogo wetu anayelia mbele ya karatasi si mvivu wala si mjinga. Anatumia njia inayomdanganya.

Basi kazi hii iingie ndani ya darasa, isiachwe kwa mtoto usiku na tochi ya simu. Tangu elimu ya msingi iwe ya bure mwaka wa 2019 madarasa yamejaa, kwa hiyo naongelea kitu kisichodai pesa. Dakika 5 za kwanza za somo, makaye yafungwe. Kila mtu aandike kwenye kipande cha karatasi anachokumbuka cha jana. Abadilishane na jirani, kisha wafungue kaye na kusahihisha. Ijumaa, maswali mawili ya wiki iliyopita na moja la mwezi uliopita. Kila kichwa cha somo kigeuzwe kuwa swali: badala ya "Sababu za mmomonyoko", "Kwa nini udongo wa mlimani unateremka ziwani?" Na mtoto aruhusiwe kueleza kwanza kwa Kiswahili au Kibembe, halafu arudie kwa Kifaransa, maana wengi wanashika sentensi ya Kifaransa bila kushika maana.

Sharti moja: maswali haya yasiwe na pointi, yasiwe na fimbo. Mwalimu mmoja aliniambia, "Bila pointi hawatafanya." Naelewa wasiwasi wake. Lakini mtoto anayeogopa sifuri atachungulia kwa jirani, na akichungulia hajajiuliza kitu. Mwalimu aseme wazi mbele ya wote: hapa kukosea ndiyo kazi yenyewe.

Sisi wahitimu tunaweza kuanza bila kungoja barua toka Kinshasa. Likizo kubwa ikifika, kila mmoja achukue wadogo watano wa mtaa wake, mara mbili kwa wiki, makaye yamefungwa. Kama kamba inahitajika, tundikeni kamba.