Kabla ya darubini, Cley ilikuwa ya bunduki

Mwezi Desemba, jua la Cley huzama kabla ya saa kumi jioni. Anayetembea juu ya tuta la changarawe linalokikinga kijiji hicho cha Norfolk, mashariki mwa Uingereza, ana Bahari ya Kaskazini upande mmoja, kinamasi chenye matete upande wa pili, na upepo unaopenya kila kifungo cha koti. Hata hivyo watu huja, kofia hadi masikioni, kuwatazama mabata bukini waliokimbia baridi ya Siberia.

Waliowatangulia walikuja na bunduki.

Katika karne ya 19, mabwana wenye fedha walipanga vyumba kijijini wakingoja ndege adimu waliopeperushwa na upepo. Kumwona tu hakukutosha: asiyemleta ndege mkononi hakuaminiwa. Mzoga ulikwenda kwa H. N. Pashley, fundi wa kijijini wa kujaza ngozi za ndege hadi zionekane kama zina uhai. Ajabu ni kwamba fundi huyohuyo aliyeishi kwa ndege waliokufa aliweka kumbukumbu zao kwa uangalifu, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1925.

Mwaka uliofuata, kinamasi kikapigwa mnada. Sydney Long, daktari wa Norwich, pamoja na wenzake, walinunua zaidi ya ekari 400 kwa pauni 5,100, kisha wakaunda chama cha kuzitunza. Hakuna kaunti nyingine iliyokuwa na chama cha namna hiyo. Yorkshire, iliyofuata, ilichukua miaka 20.

Ulinzi wenyewe ukawa kazi ya ukoo. Billy Bishop aliushika mwaka 1937, na baadaye mwanawe, Bernard, akampokea. Adui aliyebaki hakuwa mwindaji tena. Usiku wa Januari 31, 1953, bahari ilifurika pwani yote ya mashariki. Watu zaidi ya 300 wakafa Uingereza, na kinamasi kikazama chini ya maji ya chumvi. Desemba 2013 ikarudia, ingawa si kwa vifo vingi kama vile.

Ndege nao wana ukaidi wao. Mmoja wao, mweupe mwenye mabaka meusi na mdomo uliopinda kwenda juu, alikuwa ametoweka Norfolk tangu karne ya 19, kwa bunduki na kwa kuibiwa mayai. Mwaka 1977 alitaga Cley, na safari hii waliomjia walimlenga kwa darubini.