Kutu Haizibwi, Hukatwa

Ndugu msikilizaji, kama ulikulia Unguja na umri wako umeshavuka arubaini, basi hukosi kuzijua gari za shamba. Nazungumzia yale malori ya bodi za mbao, paa la mbao na mabenchi ya kandokando, abiria wakitazamana magoti kwa magoti. Juu ya paa mtakuta vikapu vya samaki, magunia ya muhogo, makuti na pengine baskeli ya mtu. Zikitokea Darajani asubuhi na kwenda Nungwi, Chwaka au Makunduchi, na kila shamba lilikuwa na gari yake inayojulikana kwa rangi na kwa honi.

Siku moja nilipokuwa mwanafunzi wa skuli ya msingi, nilipata bahati ya kukaa mbele kwa dereva pamoja na marehemu bibi yangu. Nilipotazama chini nikaiona barabara inapita baina ya miguu yangu. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, na tundu lake si dogo kuliko sahani ya wali. Bibi akanivuta. "Weka mguu huku, mjukuu wangu, usije ukatuachia kiatu." Dereva akacheka, akasukuma kipande cha bati kwa unyayo akalifunika.

Nilipoipanda tena gari ile, sakafu ilikuwa mpya, imepakwa rangi nyekundu inayong'ara. Nilifurahi. Lakini bati lile lilidumu masika moja tu. Liling'oka pamoja na kingo zake, na tundu likawa kubwa kuliko lile la mwanzo. Nimekuja kufahamu ukubwani kwamba fundi aliziba na hakutengeneza, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo mazungumzo yetu ya wiki hii.

Kwanza tujiulize gari hizi zilikujaje kuwa zetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, aliyetaka kutoka mjini kwenda shamba alikwenda kwa miguu, kwa punda au kwa gari la ng'ombe. Mwaka 1905 ikaanza reli ya Bububu, njia ya maili saba hivi iliyotoka karibu na Ngome Kongwe na kupenya mitaani, karibu mno na nyumba za watu. Lakini barabara zikaendelea, magari yakaongezeka, na ilipofika 1922 treni ikaacha kuchukua abiria. Reli ikabakia kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, kisha ikang'olewa. Kazi ya kumfikisha mtu shamba ikawa ya lori.

Huko Uingereza, kiwanda cha Vauxhall cha mji wa Luton kilianza kuunda malori ya Bedford mwaka 1931. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiliunda zaidi ya 250,000 kwa ajili ya jeshi, na baada ya vita Bedford zikaenea kila pembe iliyokuwa chini ya Waingereza. Faida kubwa ya malori hayo kwetu ni kwamba mteja aliweza kununua fremu, injini na chumba cha dereva tu. Sehemu ya nyuma aliunda mwenyewe, na kwetu Unguja aliyeiunda ni seremala. Katika kisiwa ambacho watu wake wamezoea kuunda majahazi na milango, hilo halikuwa jambo la kuwatisha.

Hata namna ya kuitunza gari ikafuata desturi ya chombo cha baharini. Nenda Nungwi pwani ukawatazame mafundi. Jahazi halitupwi kwa sababu ubao mmoja umeoza. Ubao ule hutolewa, ukatiwa mwengine, pakatiwa kalafati ya pamba na mafuta, chombo kikarudi majini. Baada ya miaka mingi huenda ubao wa mwanzo hata mmoja haumo, lakini jahazi ni lile lile kwa jina na kwa mwenyewe. Kwa mtindo huo huo lori la shamba lilibadilishwa ubao mmoja mwaka huu, nguzo ya paa mwaka ujao, benchi mwaka wa tatu, na kijiji kikaendelea kuliita kwa jina lake.

Kisha shida ikalifanya jambo hili kuwa la lazima. Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu iliporomoka katika soko la dunia, fedha za kigeni zikawa adimu, na vipuri navyo vikawa adimu. Mwaka 1986 General Motors, waliokuwa wenye mali, wakatangaza kuacha kuunda malori ya Bedford Uingereza. Mwenye gari hapa Unguja hakuwa na pa kuagizia mlango wala sakafu. Mapipa ya mafuta yakapasuliwa na kunyooshwa yakawa bati. Gari zilizotarajiwa kuishi miaka kumi zikaishi thelathini na zaidi.

Lakini, ndugu msikilizaji, ubao na chuma havifanani tabia. Ubao uliooza unaonekana, na msumari ukiugonga unaingia kama kwenye sabuni. Chuma kinaoza kwa siri. Kutu ni chuma kilichokutana na maji na hewa, na chumvi ikiwemo kazi huenda mbio zaidi. Sisi tumezungukwa na chumvi. Imo katika upepo, na inadondoka kutoka kwenye vikapu vya samaki vilivyoko juu ya paa. Hushuka mpaka kwenye pembe za sakafu, chini ya zulia la mpira na ndani ya mikunjo ya bati, pahala ambapo jicho halifiki na maji hayana pa kutokea. Juu unaona rangi, chini yake pana unga.

Fundi bodi wa kweli hufanyaje? Hukung'oa viti na zulia kwanza. Huondoa betri na kuhakikisha petroli haiko karibu na moto. Huchukua nyundo ndogo akagonga inchi kwa inchi huku akisikiliza, kwani bati zima hulia na bati bovu halina sauti. Huandika alama kwa chaki. Kabla hajakata, hufunga vyuma vya kushikilia baina ya nguzo za milango, maana ukikata sakafu bila ya kuishikilia bodi, inakaa upande na milango haifungi tena. Hapo ndipo hukata, na huendelea kukata mpaka akutane na chuma kinachong'aa, hata kama tundu la sahani limekuwa tundu la sinia.

Baadae huchukua boksi la karatasi akakata kielelezo, akakihamishia kwenye bati jipya la unene ule ule, akalikunja kufuata umbo la asili. Hulishika kwa moto nukta moja huku na nukta moja kule, kwani akichoma kwa mfululizo bati litajipinda kwa joto. Husaga viungo, hupaka rangi ya kuzuia kutu juu na chini, na huacha vitundu vidogo vya kutolea maji. Ni kazi ya siku nyingi. Kubandika bati juu ya kutu ni kazi ya saa moja, na mpaka rangi ikauke huwezi kuzitafautisha. Tena bati la juu huyafungia maji ndani, kutu ikastarehe.

Wahenga walitwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno ya kweli, lakini fundi bodi ana la kuongezea: ukiziba bila kukata, utanunua gari nyengine, na huenda ukanunua na sanda.

Na si gari peke yake. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile la Sayyid Barghash la mwaka 1883 ndilo lililokuwa sura ya Mji Mkongwe, mji uliotiwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2000. Chanzo cha ajali ile ni kazi ya wataalamu kukieleza. Mimi nasema tu kwamba katika nyumba nyingi za mji wetu boriti huoza ndani ya ukuta, maji yakiingia kutoka juu, huku nje pakipigwa chokaa kila Sikukuu. Ni sakafu ile ile ya Bedford niliyoiona utotoni.

Leo gari za mbao zimepungua sana, na Coaster na Hiace zimeshika njia. Wapo wanaotaka zilizobakia ziondoshwe zote, na wapo wanaotaka zibakie kwa sababu wageni wanapenda kuzipiga picha. Mimi sipendi zife. Ni historia yetu na ni ufundi wa mikono yetu. Lakini siwezi kumwambia mama wa Makunduchi ampandishe mwanawe kwenye historia iliyooza chini. Kama tunataka gari hata moja iwafikie wajukuu zetu, basi anayeikagua asiridhike na rangi. Ainue zulia, agonge, asikilize. Na mwenye gari akiambiwa na fundi kwamba tundu lazima lizidi kuwa kubwa kabla halijatengenea, asimkimbie akaenda kwa mwenye kubandika. Fundi anayekukatia zaidi ya ulivyotaka huenda ndiye anayekutakia heri.

Hadi wiki ijayo, Inshaallah, kwaherini.