Nywele nyembamba na kavu: Shampuu isiyo kali hujulikana nyuma ya chupa

MTEJA anapoingia katika duka la vipodozi Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na kuomba shampuu ya nywele kavu, aghalabu hukabidhiwa chupa yenye picha ya nazi au parachichi na kuhakikishiwa kwamba haina ukali wowote. Baada ya kuoshea, kichwa humwasha usiku kucha, na asubuhi nywele hubaki kwenye kitana. Hurudi dukani akanunua chupa nyingine ya bei kubwa zaidi, na mambo huwa yale yale.

Wanaopatwa na adha hiyo zaidi ni watu ambao unywele wao mmoja mmoja ni mwembamba, haushiki mafuta, na ngozi ya kichwa chao hukasirika upesi. Kwao, kosa dogo katika uchaguzi wa shampuu huonekana ndani ya wiki chache, ilhali mwenye nywele nene anaweza kulivumilia kosa hilo kwa miaka.

Katika saluni nyingi, nywele nyembamba huchanganywa na nywele chache, ingawa ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kuwa na nywele zilizojaa kichwa kizima, lakini kila unywele ukawa mwembamba kama uzi wa buibui. Unywele wa binadamu kwa kawaida una unene wa kati ya mikroni 50 na 100, yaani milimita moja hutoshea nyuzi 10 hadi 20 zilizopangwa bega kwa bega. Njia rahisi ya kujipima ni kuchukua unywele mmoja uliodondoka na kuuviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikika waziwazi kama uzi, ni mnene. Usiposikika kabisa, au ukisikika kwa shida, ni mwembamba.

Dhana kwamba nywele za Kiafrika zote ni nene na ngumu haina ukweli. Kipilipili nacho huweza kuwa chembamba sana, na kinapokuwa hivyo huwa dhaifu maradufu, kwa kuwa unywele uliojisokota hukatika penye mikunjo yake. Isitoshe, mafuta yanayotoka katika ngozi ya kichwa huteleza kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, bali kwenye uliojikunja hukwama karibu na shina. Ndiyo maana mtu huyo huyo anaweza kuwa na ngozi yenye mafuta na ncha kavu kama majani ya kiangazi.

Sababu ya nywele nyembamba kuumia haraka ni ya kihesabu. Gramu 10 za nywele nyembamba zina nyuzi nyingi kuliko gramu 10 za nywele nene, na kwa hiyo eneo la nje linaloguswa na maji, sabuni na kemikali ni kubwa zaidi. Kinachosafisha huzifikia kwa wingi, na kinacholainisha huzilemea kwa wingi vilevile. Hapo ndipo ugumu wa kuchagua ulipo, kwa sababu shampuu kali huzikausha, na shampuu iliyojaa mafuta mazito huzilaza zikashikamana kama zilizonyeshewa mvua.

Neno shampuu lenyewe asili yake ni India, kutokana na neno la Kihindi lenye maana ya kukanda au kubonyeza, na lilipoingia Uingereza lilihusu kukandwa mwili, wala si kuosha nywele. Hadi miaka ya 1930 watu wengi duniani walioshea nywele sabuni ya kawaida. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1934, ilipotoka nchini Marekani shampuu iitwayo Drene, iliyotumia visafishaji vya kutengenezwa kiwandani badala ya sabuni.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa anayetegemea maji ya kisima. Sabuni ya mche ikikutana na maji ya chumvi au yenye chokaa, haitoi povu na huacha utando mweupe unaong'ang'ania nywele. Shampuu za kisasa huhimili maji hayo vizuri zaidi. Hata hivyo, baadhi ya visafishaji vyake ni vikali kupita inavyohitajika.

Habari za ukali huo hazipatikani mbele ya chupa. Maneno kama asilia, laini au ya mitishamba ni ya kibiashara. Habari ziko nyuma, katika orodha ya viambato, ambayo kwa kanuni ya nchi nyingi huandikwa kwa kufuata wingi: kilicho kingi hutangulia, na vile visivyofikia asilimia 1 huweza kupangwa vyovyote mwishoni. Kwa kawaida maji ndiyo ya kwanza. Kinachofuata ni kisafishaji, na hicho ndicho cha kutazamwa kwa makini. Dondoo la parachichi lililotangazwa kwa picha kubwa mara nyingi hukutwa mkiani, likiwa kiasi kidogo mno.

Endapo baada ya maji pameandikwa Sodium Lauryl Sulfate au Ammonium Lauryl Sulfate, shampuu hiyo haiwafai wenye nywele kavu na ngozi nyepesi. Kiambato cha kwanza kati ya hivyo viwili ndicho ambacho watafiti wa ngozi hukitumia kwa makusudi katika majaribio wanapotaka kuiwasha ngozi. Ndugu yake, Sodium Laureth Sulfate, ni mpole kiasi, hasa akichanganywa na visafishaji vingine. Tofauti ni herufi chache tu, hivyo lebo haina budi kusomwa taratibu.

Walio wapole kweli ni kama Sodium Cocoyl Isethionate, Decyl Glucoside, Coco-Glucoside na Disodium Laureth Sulfosuccinate. Hivi hutoa povu dogo, jambo linalowafanya watumiaji wengi wadhani hawajatakata na kuongeza shampuu mara ya pili na ya tatu. Povu si kipimo cha usafi, na anayeongeza shampuu pole mara tatu anaweza kujikausha sawa na aliyetumia kali mara moja.

Hata maandishi yanayosema kwamba shampuu haina salfeti hayatoshi. Baadhi ya watengenezaji wameondoa salfeti na kuweka Sodium C14-16 Olefin Sulfonate, ambayo kwa kukausha nywele haiko mbali na ile iliyoondolewa.

Jambo la pili ni tindikali, ambayo hupimwa kwa pH, kuanzia 0 hadi 14. Namba 7 ni ya katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali. Ngozi ya kichwa ina kama 5.5, na unywele wenyewe uko chini zaidi. Alkali huinua magamba madogo yaliyoufunika unywele, nao hukwaruzana, hutatizana na kukatika. Sabuni ya mche hufikia 9 au 10, na kila namba moja ya kipimo hiki ni tofauti ya mara 10. Watafiti wa Brazil waliopima shampuu 123, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014, walikuta zilizo nyingi zimezidi 5. Shampuu yenye pH kati ya 4.5 na 5.5 ndiyo inayofaa. Watengenezaji wachache huandika namba hiyo, lakini karatasi za kupimia zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya maabara hutoa jibu kwa sekunde chache.

Hapa ndipo shampuu ya watoto inapowaponza wengi. Akina mama hujinunulia wakiamini kwamba kinachomfaa mtoto mchanga hakiwezi kumdhuru mtu mzima. Ni kweli kwamba visafishaji vyake ni vya upole. Lakini shampuu za aina hiyo zilibuniwa kwanza zisichome macho, na nyingi huwekwa karibu na 7, sawa na machozi. Aidha, huwa na vilainishi vichache, kwa kuwa nywele za mtoto ni fupi na hazijapitia dawa wala joto. Mtu mzima mwenye nywele kavu akiitumia peke yake, bila kondishena, hazitachanika.

Kwa wenye ngozi inayokasirika, kisafishaji pole pekee si kinga. Manukato, yanayoandikwa Parfum au Fragrance, ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa vipodozi. Kihifadhi Methylisothiazolinone kilitajwa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kuwa kisababishi cha mwaka. Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku mwaka 2017 katika vipodozi vinavyoachwa mwilini, huku ukikiruhusu kwa kiwango kidogo sana katika vile vinavyosuuzwa. Hata Cocamidopropyl Betaine, kisafishaji pole kilichomo katika shampuu nyingi nzuri, kilipewa sifa hiyo hiyo mbaya mwaka 2004, kwa sababu ya mabaki yanayosalia kinapotengenezwa. Wengi hawadhuriki nacho, lakini aliyekwisha kubadili shampuu tatu pole bila nafuu atazame kama zote zina jina hilo.

Neno la Kiingereza linalodai kwamba bidhaa haileti mzio lisipewe uzito mkubwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilijaribu kuliwekea kanuni mwaka 1975, na mahakama ikaitengua mwaka 1977. Tangu hapo kila kampuni nchini humo hulitumia kwa maana yake yenyewe. Hapa Tanzania, usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019.

Shampuu nzuri huharibiwa na uoshaji mbaya. Hupakwa kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, si kucha, na maji yanayotiririka hutosha kusafisha ncha za nywele. Kondishena, kinyume chake, hupakwa kwenye ncha na kuepushwa na shina. Wenye kipilipili hutosheka na kuosha mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili. Wenye nywele nyembamba zilizonyooka huhitaji mara nyingi zaidi.

Mafuta ya nazi yana nafasi yake, ila kabla ya kuosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hupunguza upotevu wa protini za unywele, ilhali mafuta ya alizeti na yale ya petroli hayakufanya hivyo. Kwa nywele nyembamba, matone machache yanatosha.

Aliyeweka dawa ya kulainisha nywele yuko katika hali nyingine. Dawa hiyo ina pH ya 12 au zaidi, na baada yake ni lazima itumike shampuu maalumu ya kuikata makali, hata kama mteja ana shampuu yake anayoipenda. Na kwa kuwa saluni nyingi huosha kwa shampuu ya dumu lisilo na lebo, mwenye ngozi nyepesi hana budi kwenda na chupa yake mkononi. Msusi mwelewa hatachukia.

Kabla ya kuosha kichwa kizima kwa shampuu mpya, tone moja lililochanganywa na maji hupakwa nyuma ya sikio, husuuzwa baada ya dakika chache, kisha hungojewa siku 2 hadi 4, kwa maana mzio wa ngozi huchelewa kujitokeza.

Kuna mwasho ambao shampuu hausiki nao. Vipande vyenye mafuta na rangi ya manjano ni mba, unaohitaji shampuu yenye dawa. Nywele zinazorudi nyuma kwenye paji la uso mara nyingi huvutwa na misuko. Viduara visivyo na nywele kwa mtoto huenda vikawa choa, na choa cha kichwa hutibiwa kwa vidonge. Vidonda, usaha, uvimbe wa macho au mwasho uliozidi wiki mbili ni kazi ya daktari wa ngozi, na hospitali za rufaa kama Muhimbili na KCMC ya Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, zina kliniki zake. Mgonjwa aende na chupa zote alizotumia, hata zilizokwisha, kwa sababu daktari ataanza kwa kusoma lebo zake.