Wakara na Ardhi ya Kisiwa Chao

Hapo zamani Msukuma wa Misungwi, ardhi yake ilipochoka, aliweza kuhamia mbuga nyingine pamoja na ng'ombe wake. Mkara hakuwa na njia hiyo. Kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe katika Ziwa Viktoria, kina kilomita za mraba 80 hivi tu, na tangu kale watu wake ni wengi.

Dhiki hiyo ilizaa kilimo ambacho wataalamu walikistaajabia tangu miaka ya 1930. Ng'ombe walifungwa nyumbani wakakatiwa majani, na samadi yao ikapelekwa mashambani. Uwele ulipandwa pamoja na marejea, ambayo yalifukiwa ardhini ili kuirutubisha. Njugu mawe nazo zikapewa zamu yake. Kingo za mawe zilizuia udongo usichukuliwe na mvua.

Tusidhani kwamba bidii hiyo ilikuwa katika damu. Wakara waliohamia bara, walikopata ardhi tele, waliiacha kazi hiyo ngumu. Mwalimu wao alikuwa hitaji.

Wala ustadi wa shamba haukukiondolea kisiwa unyonge wake wote. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa. Jembe huweza kukilisha kisiwa, bali soko na jamaa huwa ng'ambo ya maji.

Leo hata Misungwi watu wameongezeka, na mbuga za kuhamia zimepungua. Basi somo la Ukara ni la bara pia: ardhi isipoongezeka, hapana budi maarifa yaongezeke, na taifa limpatie mkulima njia salama ya kulifikia soko.