Je, Heligoland ingebaki kwa Mwingereza?

Wiki hii nimeshinda maktaba, na kuna stori moja nataka tuiweke sawa. Wengi tuliambiwa tangu sekondari kwamba mwaka 1890 Mjerumani alimpa Mwingereza Zanzibar, naye akapewa kisiwa cha Heligoland. Jamani, Zanzibar haikuwa ya Mjerumani, ilikuwa ya Sultani! Alichofanya ni kukubali tu Mwingereza aiweke Unguja na Pemba chini ya ulinzi wake. Alichoachia kweli ni Witu, kule karibu na Lamu, na madai yake ya Uganda, ambako Carl Peters alikuwa amesaini mkataba na Kabaka Mwanga mapema mwaka huo huo.

Heligoland yenyewe ni kajiwe tu kwenye Bahari ya Kaskazini, haifiki kilomita za mraba 2. Mwingereza aliinyang'anya Denmark mwaka 1807. Mkataba ukasainiwa Berlin tarehe 1 Julai 1890, na Agosti bendera ikabadilishwa.

Sasa tuseme Waziri Mkuu Salisbury angekataa kuitoa. Ingekuwaje?

Kule kaskazini, Mjerumani asingepata ngome yake mbele ya mdomo wa mto Elbe, ngome ambayo Waingereza walikuja kuilipua mwaka 1947 kwa tani kama 6,700 za baruti. Si mchezo!

Huku kwetu, Bagamoyo ingebaki kwa Mjerumani vilevile. Kampuni yao ilishaukodi mwambao tangu 1888, na Abushiri walishamnyonga Pangani Desemba 1889. Zanzibar nayo naona ingeenda kwa Mwingereza tu, maana manowari alikuwa nazo. Kilichoning'inia hasa ni Uganda. Ingekuwa ya Mjerumani, ile reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ingekuwa inakwenda wapi? Mizigo ya Ziwa ingeshukia pwani yetu. Ila watu wa Bagamoyo msishangilie, bandari yetu maji mafupi, na makao makuu yalihamia Dar mwaka 1891. Ningeweka pesa yangu kwa Tanga.

Lakini kilichonikaa rohoni ni kingine. Malkia Victoria mwenyewe alilalamika kwamba watu wanatolewa bila kuulizwa, na alikuwa anawasemea watu wa Heligoland, kama 2,000 hivi. Mkataba ukawapa nafasi ya kuchagua kubaki raia wa Uingereza, na waliokwisha kuzaliwa wakasamehewa jeshi la Mjerumani. Kipengele kizima kwa ajili ya kajiwe!

Sisi je? Kwetu Mlingotini, jirani na magofu ya Kaole, Unguja ni ng'ambo tu ya maji, watu wanaoana na kuzikana. Mkataba ule ukapitisha mpaka katikati ya bahari yao. Mwambao ukalipiwa marki milioni 4, zikaenda kwa Sultani. Hakuna mvuvi aliyeulizwa anataka kuwa raia wa nani.

Kwa hiyo wadau, hata Heligoland ingebaki kwa Mwingereza mpaka leo, sisi tungegawanywa tu, pengine kwa mstari mwingine. Aliyekosekana pale Berlin ni mtu wa kutusemea. Mnasemaje?