Injini chini ya mwembe

Corolla ya baba mdogo ina usukani kushoto. Wabelgiji waliiachia Kongo kuendesha upande wa kulia wa barabara, Waingereza wakaiachia Uganda upande wa kushoto. Gari hilo ndilo lilitutoa Beni, tukapita Kasindi na Bwera. Injini ilipokufa watu walisema, uza chuma chakavu. Baba mdogo akakataa kabisa.

Hapa Karusandara tuna mzee jirani mwenye cheni ya kunyanyulia. Baba yake alikuwa fundi Kilembe, mgodi wa shaba uliofanya reli ifike Kasese mwaka 1956. Uchimbaji uliposimama, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alirudi nyumbani na spana zake, akamfundisha mtoto.

Kabla ya kuitundika injini ya mtumba kwenye mwembe, tulitakiwa kuiunga na giaboksi. Ikagoma. Nikataka kuivuta kwa bolti.

“We kijana, utavunja!”

Akachonga kijiti, akaiweka sahani ya klachi katikati kabisa. Giaboksi ikaingia kwa mkono tu.

Malipo alikataa. Aliomba vijana wawili wa kikundi changu waje kujifunza. Wameanza Jumatatu.