Mpiganaji Mchawi: Bei ya Kushika Fani Mbili

Wahenga walituambia mshika mbili moja humponyoka. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, na kwa miaka hamsini wachezaji wake wamekuwa wakibishana kuhusu jambo hilo hilo.

Kwa asiyeufahamu: mnakaa mezani, mmoja anasimulia kisa, wengine kila mtu ana mhusika wake. Mhusika ana fani: mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi. Akikusanya pointi za uzoefu anapanda ngazi. Je, anaweza kuwa mpiganaji na mchawi kwa pamoja? Na atalipa nini?

Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilianza kwa kuuliza ukoo. Elfi, wale viumbe wa ngano za Ulaya, waliruhusiwa kushika fani mbili au tatu, pointi zikigawanywa sawasawa. Binadamu? Hapana. Yeye aliiacha fani ya kwanza, akaanza ya pili kutoka ngazi ya 1, na kuiendeleza ile ya zamani hakuruhusiwa tena.

Sasa piga hesabu. Mpiganaji alihitaji pointi kama 2,000 kufika ngazi ya 2, 4,000 kufika ya 3, na 8,000 kufika ya 4. Kila ngazi ya mwanzo ilidai maradufu, hivyo elfi mwenye nusu ya pointi alibaki nyuma kwa ngazi moja tu! Fani mbili kwa bei ya kutupa. Breki yake ilikuwa kikomo: elfi mchawi hakupita ngazi ya 11. Binadamu hakuwekewa kikomo cha ukoo.

Mwaka 2000 toleo la tatu likavunja ukuta. Ruksa kwa wote, changanya utakavyo. Ila ngazi sasa zikawa zinajumlishwa: tano za upiganaji na tano za uchawi ni kumi. Mwenzako aliyetia zote kumi kwenye uchawi anatumia uchawi wa daraja la 5. Wewe umekwama la 3. Toleo la mwaka 2014 lilibakiza hesabu hiyo, likaongeza sharti la alama 13 kwenye vipaji vya fani zote mbili.

Kwa hiyo bei haikufutwa, ilihamishwa tu. Zamani ulilipa mwishoni, na ilitegemea umezaliwa nani. Sasa unalipa mapema, na uamuzi ni wako. Kwangu mimi hii ni haki zaidi, ingawa inauma zaidi, maana hakuna wa kumlaumu.

Nasema hivi kwa sababu kijana wa leo, hasa sisi wa habari, anatakiwa aandike, apige picha, ahariri na video. Ni kweli, mchawi aliyeishiwa uchawi pangoni angetamani upanga. Lakini mchezo huu unatamka wazi jambo ambalo matangazo ya kazi hayalitamki: kila ngazi unayoitia kwenye fani ya pili umeinyima ya kwanza.

Ngazi yako inayofuata unaitia wapi?